Kotisoli ikizidi: njaa isiyoisha, kitambi na sukari. Maswali ya watu wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ni ya watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe: wanaosimama dirisha la dawa, wanaosubiri kliniki ya sukari, na wale wanaoshusha sauti kwa sababu swali linahusu krimu ya usoni. Wengi wamesikia kwamba stresi inanenepesha na wakaishia hapo. Ukweli upo. Lakini ukiniuliza ni nini hasa kinachowavuruga watu wa huku homoni za njaa na shibe, nitakuuliza kwanza umemeza nini na umejipaka nini. Majibu yanaelekea huko kwa makusudi.

Kotisoli ni nini?

Ni homoni ya tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, moja kila upande. Amri yake inatoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, pituitari inatoa homoni inayosafiri kwenye damu hadi kwenye adrenali, nazo zinamwaga kotisoli. Ikishatosha, ubongo unatambua na kupunguza amri.

Kwa mtu mwenye afya haikai kiwango kimoja. Inaanza kupanda alfajiri ukiwa bado umelala, inafika juu kabisa kama nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka, halafu inashuka taratibu hadi kuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Bila kotisoli hakuna uhai. Inashikilia presha ya damu, inazuia sukari isianguke wakati hujala, inatuliza uvimbe. Madhara yanaanza pale inapokaa juu mchana na usiku, wiki baada ya wiki.

Mbona nikipata mshtuko chakula hakipiti, lakini nikiwa na matatizo ya muda mrefu nakula bila kushiba?

Kwa sababu ni hatua mbili tofauti. Umepigiwa simu kwamba lori lililobeba viazi vyako limepinduka Kitonga: saa hiyo hata uwekewe ugali wa moto na nyama choma huvutiwi. Homoni ile ya kwanza ya haipothalamasi, inayoanzisha amri yote, yenyewe inakata hamu ya kula, na tumbo nalo linapunguza kasi ya kazi.

Kotisoli inafuata baadaye na inakaa muda mrefu zaidi. Moja ya kazi zake ni kurudisha akiba ambayo mwili unadhani imetumika, kwa hiyo inafungua njaa. Kama tatizo limeisha jioni ile, kesho mambo yanarudi sawa. Kama ni ada za Januari, zikaja mbolea ya kukuzia, kisha mgonjwa nyumbani, njaa hiyo inabaki, na mara nyingi inataka vitu vitamu na vyenye mafuta: chipsi, maandazi, soda. Watu hawafanani. Wapo wanaokonda kwa mawazo, na hao nao hawaigizi.

Inagusa homoni zipi za njaa na shibe?

Tuanze na leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman huko New York. Inatoka kwenye seli za mafuta, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu angetarajia kotisoli ikizidi leptini ishuke, maana njaa imepanda. Kinachotokea ni kinyume: seli za mafuta zinatoa leptini nyingi zaidi, ila ubongo hauiitikii inavyopaswa. Taarifa ya shibe inafika na haifanyiwi kazi. Ndiyo maana mtu anayemeza prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, anakuambia amemaliza sahani ya kande na bado anaona hajala. Hasemi uongo, wala hana uroho. Ninaomba ndugu wa wagonjwa walishike hili, kwa sababu nimesikia maneno makali mezani dhidi ya watu ambao hawajafanya kosa lolote.

Ndani ya haipothalamasi kuna neva zinazochochea kula kwa kutumia kemikali iitwayo nyuropeptidi Y. Kotisoli inaziamsha. Wakati huohuo inaipunguza ile homoni ya mwanzo niliyoitaja, ambayo ingekata hamu. Kwa hiyo kichocheo kimeongezwa na kizuizi kimepunguzwa kwa pamoja.

Insulini ndiyo inayoumia zaidi. Kotisoli inaliamuru ini litengeneze sukari mpya, huku ikiifanya misuli iipokee kidogo. Sukari ikibaki kwenye damu, kongosho linamwaga insulini zaidi ili kuishusha. Kotisoli nyingi na insulini nyingi vikikutana ni mazingira kamili ya kuhifadhi mafuta, hasa kama mtu anakula zaidi kuliko zamani.

Grelini, homoni ya njaa inayotoka kwenye mfuko wa chakula, iligunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Watu wanarahisisha mno kwa kusema kotisoli inapandisha grelini na hapo ndipo njaa inapotoka. Kwa wagonjwa ambao kotisoli yao imezidi kupita kiasi, vipimo vimeonyesha grelini ikiwa chini, na ikapanda walipotibiwa. Njaa yao inatoka zaidi ndani ya ubongo. Grelini ina nafasi yake kubwa kwenye habari ya usingizi, nitaifikia.

Kwa nini tumbo linajaa huku mikono na miguu inakonda?

Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo, yana vipokezi vya kotisoli vingi kuliko mafuta ya chini ya ngozi. Yana pia kimeng'enya kinachogeuza kotisoni, ambayo haina nguvu, kuwa kotisoli kamili palepale. Kwa hiyo sehemu hiyo inapata dozi yake ya damuni na nyongeza ya kwake.

Misuli inapata kinyume. Kotisoli inaivunja protini yake na kupeleka malighafi kwenye ini ikatengenezwe sukari. Mapaja na mabega ndiyo yanayoanza kulegea. Mkulima aliyezoea kupanda miteremko ya Uporoto na kiroba kichwani anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika mlango. Na misuli ikipungua, nishati ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika inapungua pia, kwa hiyo chakula kilekile cha zamani sasa kinanenepesha. Daktari wa Marekani Harvey Cushing alieleza hali hii mwaka 1912: uso wa mviringo, nundu ya mafuta nyuma ya shingo, tumbo kubwa, miguu myembamba. Ugonjwa unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Inaweza kuniletea kisukari?

Ndiyo, na hapa kuna jambo linalowapita wengi. Mtu anayemeza prednisoloni asubuhi, sukari yake inapanda zaidi kuanzia mchana hadi jioni, halafu usiku inashuka. Akipimwa asubuhi kabla ya kula anaweza kuonekana mzima kabisa na kurudishwa nyumbani. Akipimwa saa mbili baada ya chakula cha mchana, au jioni kabla ya kula, ndipo ukweli unaonekana. Kama uko kwenye dawa hizi kwa zaidi ya siku chache, omba upimwe mchana. Kipimo cha 11.1 mmol/L au zaidi, ukiwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, hakihitaji mjadala, unahitaji matibabu.

Mwenye kisukari tayari aulize mapema jinsi ya kurekebisha dawa zake. Asisubiri mpaka amezidiwa.

Na tezi ya shingo, hedhi, nguvu za kiume?

Zote zinaguswa. Kotisoli nyingi inapunguza amri inayokwenda kwenye tezi ya shingo na inapunguza ugeuzaji wa homoni yake kuwa ile yenye nguvu, hivyo mwili unapoa kidogo. Amri zinazokwenda kwenye ovari na korodani nazo zinapungua: hedhi inaruka au kupotea, testosteroni inashuka, hamu ya tendo inapungua. Homoni ya ukuaji inashuka pia, jambo zito kwa watoto.

Nina kitambi na maisha yamebana. Kotisoli yangu imezidi?

Uwezekano mkubwa haijazidi kwa maana ya ugonjwa. Kitambi cha kawaida kinakuja na mapaja na mikono iliyonenepa pia, na mtu anakuwa na nguvu zake. Ninachotafuta mimi ni mambo yasiyofanana na unene wa kawaida: ngozi imekuwa nyembamba na inavilia damu kwa kugongwa kidogo, michirizi mipana tumboni au mapajani, zaidi ya sentimita 1, yenye rangi ya zambarau au kahawia iliyokoza, mapaja yamelegea, presha au sukari imeanza mtu akiwa kijana bado, mfupa umevunjika kwa anguko dogo. Mawili matatu ya hayo yakikutana, nenda kituo cha afya wakuangalie.

Uso wa mviringo peke yake si ushahidi wa kitu. Kuna watu wamezaliwa nao.

Basi kotisoli iliyozidi kweli inatoka wapi?

Kuna uvimbe wa pituitari, na mara chache uvimbe wa adrenali au wa sehemu nyingine, unaosababisha kotisoli itengenezwe bila breki. Ni wagonjwa wachache sana kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Sababu iliyo mbele kwa mbali, duniani kote, ni dawa za jamii ya steroidi zinazofanya kazi kama kotisoli: prednisoloni, deksamethasoni, haidrokotisoni, betamethasoni, triamsinoloni, klobetasoli. Zinaingia kwa kidonge, kwa sindano, kwa krimu.

Ni dawa za thamani. Mwaka 1948, Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea alidungwa kotisoni na baada ya siku chache akatembea, na waliofanya kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Zinaokoa mwenye pumu, mwenye mzio mkali, mtoto anayekaribia kuzaliwa kabla ya wakati. Lakini kumbuka vipimo. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha 5 mg kinakaribia kazi ya kotisoli yote ambayo mwili mzima unaitengeneza kwa siku. Deksamethasoni ina nguvu zaidi: 0.75 mg tu inalingana na hicho kidonge. Mtu akimeza vidonge 4 vya deksamethasoni vya 0.5 mg kila siku "apate mwili", amejiwekea zaidi ya mara mbili ya kotisoli ya siku juu ya ile aliyo nayo.

Natumia mkorogo usoni na mikononi. Ni wa kupaka tu, unaweza kufika kwenye njaa?

Unaweza, dada yangu, na ningependa usome hapa polepole. Mikorogo mingi inachanganywa na krimu yenye klobetasoli au betamethasoni, kwa sababu steroidi inapausha ngozi na kuficha mwasho wa kemikali nyingine. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote. Inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Gramu 2 kwa siku za krimu ya asilimia 0.05 zimeshaonyeshwa kutosha kuzilaza tezi za adrenali, na gramu 2 ni kidogo kuliko anazomaliza mtu anayejipaka mwili mzima asubuhi na jioni. Daktari akiandika krimu hiyo kwa pumu ya ngozi, kwa kawaida anaiwekea ukomo wa wiki 2 na eneo dogo.

Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kuanza kula sana, kujaa uso na tumbo, na kupata sukari kutokana na kopo alilonunua sokoni. Ngozi yenyewe inakuwa nyembamba, michirizi inatokea kwenye mapaja na makwapa, vidonda havifungi. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini kopo la mkorogo mara nyingi halina hata jina la kilichomo.

Usiuache ghafla kama umeutumia mwili mzima kwa miezi. Njoo na kopo lako kituo cha afya, mwambie muuguzi ukweli. Hakuna anayestahili kukucheka, na akikucheka tafuta mwingine. Tunahitaji kuliona kopo ili tujue tunapunguza nini.

Kuna vidonge vya kunenepa, na dawa ya viungo inayofungwa kwenye kikaratasi. Nayo?

Hapo ndipo ninapokasirika. Dawa isiyo na jina inayoondoa maumivu ya magoti kwa usiku mmoja na kukupa hamu ya kula ndani ya wiki inatakiwa ikutie shaka. Steroidi hufanya hivyohivyo. Imeshagundulika katika nchi nyingi kwamba dawa zinazouzwa kama za asili zimesagiwa deksamethasoni au prednisoloni ndani yake, na mnunuzi haambiwi.

Unene unaopatikana hivyo si afya. Ni mafuta na maji usoni na tumboni, huku misuli na mifupa vikiliwa. Wazazi wetu wenye maumivu ya mgongo baada ya miaka ya jembe ndio wanaonunua sana, na ndio wenye mifupa isiyoweza kuvumilia hasara hiyo. Ukienda duka la dawa muhimu, dai jina la dawa liandikwe na dozi yake iandikwe. Muuzaji akikataa, ondoka.

Niko CTC, kliniki ya VVU, natumia dawa. Kuna la kuangalia?

Lipo, na kwa mikoa yetu ni la lazima kusemwa: utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha Njombe, Iringa na Mbeya zikiwa na maambukizi ya juu ya VVU kuliko mikoa mingine, Njombe asilimia 11.4. Kama uko kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri, ambayo huambatana na lopinaviri au atazanaviri, ini lako haliwezi kuvunja baadhi ya steroidi kwa kasi ya kawaida. Sindano moja ya triamsinoloni kwenye goti, au dawa ya pumu ya kuvuta yenye flutikasoni, inaweza kurundikana mwilini kwa wiki nyingi na kuleta dalili zote tulizozitaja. Dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, yenyewe haina tatizo hilo. Popote unapokwenda kutibiwa maumivu au pumu, taja dawa zako za CTC kabla ya sindano.

Daktari ameniandikia prednisoloni. Niache baada ya kusoma haya?

Usiache. Narudia, usiache mwenyewe. Dawa ikitumika zaidi ya wiki 3 au 4, ubongo unakuwa umeacha kutoa amri na adrenali zinakuwa zimelala. Ukikata ghafla, mwili unabaki bila kotisoli ya kutosha: uchovu mkali, kutapika, presha kuanguka, kupoteza fahamu. Watu wanakufa hivyo. Daktari anashusha dozi kwa hatua, na adrenali zinaweza kuchukua miezi, wakati mwingine mwaka, kuamka sawasawa. Ukiugua malaria kali au kufanyiwa upasuaji katika kipindi hicho, waambie ulikuwa kwenye steroidi.

Kozi ya siku 5 kwa shambulio la pumu haina shida hiyo. Dawa ya pumu ya kuvuta kwa dozi ya kawaida nayo haikufikishi huko kama huko kwenye ritonaviri, na kwa mtu wa Makete au Mufindi mwenye pumu ya baridi kuiacha ni hatari kubwa kuliko kuitumia. Mama mjamzito aliyedungwa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae asiwe na hofu: ni dozi chache tu.

Ninaendesha lori usiku kwenda Tunduma. Usingizi unahusika vipi?

Unahusika sana, na kwa wengi wasio kwenye dawa yoyote ndiyo njia kuu ambayo maisha magumu yanafikia homoni za njaa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 12 wa kiume wenye afya. Baada ya siku mbili za kulala muda wa saa 4 tu, ukilinganisha na walipopewa saa 10, leptini yao ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na wakatamani zaidi vyakula vitamu na vya wanga. Tafiti za baadaye hazikutoa namba zilezile kila mara, lakini jambo la kwamba aliyekosa usingizi anakula zaidi limejirudia. Kukosa usingizi pia kunaiacha kotisoli ya jioni juu, wakati ilipaswa kuwa inashuka.

Madereva, walinzi na wauguzi wa zamu ya usiku wanakula chipsi na soda saa nane usiku, saa ambayo insulini inafanya kazi kwa ulegevu. Kula mlo wako mkuu kabla ya safari, beba karanga na yai la kuchemsha, na ukifika Tunduma lala muda wa kutosha kwenye giza. Najua foleni ya mpakani haimuulizi mtu kama amelala. Ndiyo maana naona makampuni ya usafirishaji yana wajibu hapa kuliko dereva.

Baridi ya Juni na Julai inanifanya nile sana. Ni kotisoli?

Mara nyingi sivyo. Watu wanatembea kidogo, wanakaa jikoni, chai inaongezeka na vitafunwa vyake.

Kahawa, je?

Inapandisha kotisoli kidogo kwa muda mfupi, na kwa aliyeizoea hupandisha pungufu ya hapo. Kunywa kahawa yako ya Mbozi asubuhi. Ya saa kumi na mbili jioni itakuibia usingizi, na hilo ndilo kosa lake kubwa.

Ulanzi na komoni?

Pombe nyingi ya kila siku, iwe ya mianzi, ya nafaka au ya chupa, inaweza kuleta picha inayofanana kabisa na ugonjwa wa Cushing: uso umejaa, tumbo, presha, na kotisoli juu kwenye vipimo. Habari njema ni kwamba mtu akiacha, picha hiyo hufifia baada ya wiki kadhaa. Anayekunywa sana kila siku asiache peke yake kwa ghafla, maana anaweza kupata degedege. Apate msaada wa hospitali.

Nile nini wakati njaa ya dawa imenikamata?

Kwanza usijinyime. Utafiti umeonyesha kwamba kujibana chakula kupita kiasi nako kunapandisha kotisoli, na kwa mtu ambaye misuli yake inavunjwa ni kumwongezea hasara. Lengo ni kushiba bila kupandisha sukari.

Huku kwetu vyakula vinavyofaa vipo na si vya bei kubwa. Anza sahani na maharage na mboga, majani ya maboga, figiri, kabichi, halafu ugali uje baadaye na uwe kiasi. Usipa wa Ziwa Nyasa ni protini na kalsiamu kwa pamoja ukiwala na mifupa yao, na mifupa yako inaihitaji kalsiamu hiyo. Maziwa, mayai, parachichi la Rungwe au Njombe: nusu parachichi na yai asubuhi vinakushikilia mpaka mchana kuliko chapati mbili na chai ya vijiko vitatu. Viazi vya Mbeya vichemshe badala ya kuvikaanga. Chumvi ipungue, kwa sababu dawa hizi zinashika maji na kupandisha presha. Soda iondoke kabisa kipindi hicho, hapa sina maneno ya kulainisha.

Dawa imezwe asubuhi baada ya kula, kama daktari hakuelekeza vingine, ili usiku usikae macho na njaa.

Kupunguza msongo kunasaidia kweli?

Kunasaidia kwa kiasi, zaidi kupitia usingizi. Siwezi kumwambia mama mwenye marejesho ya VICOBA kila wiki kwamba atulie tu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba saa moja ya ziada ya kulala, na mtu mmoja wa kumweleza jambo lake lote, vina faida kwa mwili wake. Vidonge na chai za "kusafisha kotisoli" asinunue.

Nikapime wapi, na kipimo gani?

Anza na zahanati au kituo cha afya: presha, sukari, uzito, na mazungumzo ya kina kuhusu dawa na krimu. Mazungumzo hayo yanafichua mengi kuliko maabara. Wakishuku, watakupa rufaa ya hospitali ya mkoa au ya kanda.

Kupima kotisoli mara moja mchana wa siku yoyote hakuna maana kubwa, kwa kuwa inapanda na kushuka. Kipimo kinachotumika sana ni kumeza deksamethasoni 1 mg saa 5 usiku na kutolewa damu kesho yake saa 2 au saa 3 asubuhi. Kwa mtu mzima wa afya kotisoli inatakiwa iwe imeshuka chini ya 50 nmol/L. Kuna pia kipimo cha mate ya usiku na cha mkojo wa saa 24. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuongeza majibu ya damu bila ugonjwa, vitaje.

Jambo moja linawachanganya wengi: aliyevimba uso kwa deksamethasoni au mkorogo akipimwa, kotisoli yake inaweza kutoka chini kabisa. Adrenali zake zimelala na dawa inafanya kazi badala yake. Majibu hayo yasimfanye mtu aambiwe hana tatizo.

Mtoto wangu ananenepa vizuri tangu nianze kumpaka krimu ya upele. Ni sawa?

Mama, mpime kimo. Mtoto anayenenepa kwa sababu ya chakula huwa anarefuka pia. Anayenenepa huku kimo kimesimama ni dalili ya kotisoli nyingi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na nepi au nailoni inayofunika eneo lililopakwa inaongeza dawa inayopenya. Beba kadi ya kliniki na tyubu ya krimu, umwone daktari wiki hii, na usiikate ghafla kabla hajaiona.

Dawa ikipunguzwa, mwili utarudi lini?

Njaa ndiyo hutangulia kupungua, mara nyingi ndani ya wiki chache baada ya dozi kushuka. Uso unafuata, kwa miezi. Tumbo linachelewa zaidi, na halitoki lenyewe kama ulaji umebaki uleule. Misuli ya mapaja inahitaji kazi: kupanda ngazi, kuinuka na kuketi mara kadhaa kwa siku, kutembea mlimani pole pole. Michirizi inafifia rangi lakini haifutiki. Sukari inaweza kurudi kawaida kabisa, lakini ipimwe tena kama miezi mitatu baada ya kumaliza dawa, na kila mwaka baada ya hapo, kwa kuwa mwili uliowahi kupandisha sukari kwa steroidi uko karibu zaidi na kisukari cha kudumu.